Nora Hakuiba Petroli

Filamu ya mapenzi na mauaji ikiisha katika banda la video, iwe Mahege au Kibiti mjini, hukumu hutolewa kabla watu hawajanyanyuka kwenye mabenchi: mwanamke ndiye aliyemponza. Jamaa alikuwa na hela zake, ana marafiki, mjini anajulikana. Akakutana na yule dada, kwisha habari yake. Nimeisikia hukumu hiyo juu ya filamu za Kimarekani za miaka ya themanini na tisini, nimeisikia juu ya Viva Riva! ya Kongo, na kila mara hutolewa kwa maneno yale yale, kana kwamba filamu zote hizo ni moja. Wanaoitoa si wajinga. Ni watu wanaojua kufuata kisa, wanaokumbuka nani alimpiga risasi nani na wakati huo alikuwa amesimama wapi. Ndiyo maana inaniuma. Wameona kila kitu, kisha wamemfunga asiyehusika.

Hoja yao, nikiieleza kwa haki, inasimama hivi. Wanasema kisa chenyewe kinajieleza: kabla ya mwanamke mambo ya mwanamume yalikuwa yananyooka, baada yake zikafuata risasi. Wanasema wazee na vitabu vya dini wametuonya juu ya mke wa mtu, na filamu inathibitisha tu onyo hilo. Tena wanasema zile sehemu za kitandani ni aibu na hazina kazi yoyote katika kisa. Mwenye banda anayezirusha kwa rimoti anawasitiri watu, maana mtu huweza kujikuta amekaa benchi moja na mkwewe, na watoto wanachungulia kwenye matundu ya makuti. Hili la watoto ni zito na sitalikwepa. Na ni kweli kwamba wauza filamu huweka mwili wa mwanamke kwenye jalada ili kuvuta mteja. Anayechukizwa na hilo ana haki ya kuchukizwa. Lakini haki hiyo haimpi ruhusa ya kumtwisha mtu kosa ambalo hakulitenda.

1. Mafuta yaliibwa kabla ya Nora

Viva Riva! iliongozwa na Djo Tunda Wa Munga na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2010. Mwaka 2011 ilichukua tuzo 6 za AMAA, tuzo za filamu za Afrika, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora. Wahusika wake wanazungumza Kilingala na Kifaransa. Kinshasa imekaukiwa na mafuta. Riva, anayeigizwa na Patsha Bay, anarudi nyumbani baada ya miaka kumi akiwa na shehena ya petroli aliyomwibia bosi wake wa Angola. Bosi huyo, Cesar, anaingia Kongo na watu wake kumsaka, na kila anayesimama njiani anaumia. Yote hayo yameshaanza kabla Riva hajaingia klabu ya usiku na kumwona Nora akicheza.

Mtu akisimulia mkasa huu mbele ya baraza la kata, wajumbe watamuuliza kwanza mwanzo wa ugomvi ni nini. Mwanzo wa ugomvi ni mali ya wizi. Tuseme Riva angeshuka kwenye lori akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akajifungia, asiguse pombe wala mwanamke. Cesar bado angekuja, kwa sababu anafuata petroli yake. Nora, anayeigizwa na Manie Malone, hajui habari za petroli hiyo wakati inaibwa. Hakumtuma mtu, wala hakugawana na mtu.

Sisi huku tunaelewa biashara ya mafuta. Mwaka 2023 petroli ilipoadimika katika baadhi ya maeneo ya nchi, EWURA, mamlaka inayosimamia biashara ya mafuta, iliadhibu vituo vilivyobainika kuficha mafuta, na vijana wa bodaboda waliokaa foleni na vidumu walijua wazi wamkasirikie nani. Hakuna aliyeuliza mwenye kituo analala na nani. Kwa nini akili hiyo nzuri tunaiacha nje ya banda pamoja na viatu?

Na kuna J.M., rafiki wa zamani wa Riva, mume wa mtu na baba wa watoto. Riva anamtoa nyumbani kwake, anamwingiza katika usiku wa pombe, wanawake na pesa za wizi. Sijamsikia mtazamaji hata mmoja akisema Riva amemponza J.M. Mwanamume akimvuta mwanamume mwenzake kwenye maangamizi tunasema walikuwa marafiki. Kipimo tunachompimia Nora tukikitumia kwa Riva, Riva ndiye mponzaji mkubwa katika filamu nzima.

2. Steringi hafi

Chimbuko la kosa hili, kwa maoni yangu, ni malezi ya banda lenyewe. Tumekua na Rambo, na Commando, na Van Damme anayepigwa hadi anaishiwa damu kisha anainuka. Kanuni ya kwanza tuliyoijua kabla hata ya kujua kusoma maandishi ya chini ya skrini ni kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Waliotutafsiria filamu, tangu enzi za mtafsiri Lufufu, waliikuta kanuni hiyo na wakaipa sauti. Vitabu vyetu vya upelelezi viliifuata pia: Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, huingia kwenye mitego ya warembo na kutoka mzima.

Sasa mtazamaji aliyelelewa hivyo anaketi mbele ya filamu ambayo steringi anakufa. Kanuni imevunjwa. Badala ya kuuliza kama kanuni inahusika hapa, anatafuta msaliti, kwa sababu steringi hawezi kuangushwa na kosa lake mwenyewe. Na msaliti aliye karibu zaidi ni mwanamke aliye kitandani kwake.

Filamu za aina hii hazina steringi wa namna hiyo, na hazijawahi kuwa naye. Mtu tunayetembea naye ndiye mkosaji. Katika Double Indemnity ya Billy Wilder, ya mwaka 1944, Walter Neff ni wakala wa bima, na ndiye anayejua ni kifo cha namna gani kinacholipa fidia mara mbili. Mwanamke katika filamu ile ana hatia, tena kubwa, na sina nia ya kumtetea. Lakini utaalamu wa uhalifu ni wa Neff, na filamu nzima ni ungamo lake kwa kinywa chake mwenyewe. Mtu akiungama mbele yako kwa muda wa filamu nzima, na wewe ukatoka ukisema kaponzwa, hukumsikiliza.

3. Rimoti

Nieleze jinsi inavyofanyika, kwa sababu ni kazi ya sekunde chache na madhara yake ni makubwa. Kijana anayeendesha mashine hukaa pembeni ya televisheni, sabufa ikiwa miguuni pake. Wawili wakianza kuvuana nguo, dole gumba linakwenda kwenye kitufe. Picha zinakimbia, midomo inatikisika bila sauti, mabenchi ya nyuma yanapiga miluzi. Akiachia, tayari ni asubuhi, au tayari kuna maiti. Kama filamu imetafsiriwa, anayetafsiri naye huziba pengo kwa maneno yake: huyu malaya keshamnasa jamaa. Maneno hayo hayamo katika filamu.

Tutazame kilichokatwa. Katika Viva Riva! kuna sehemu ambapo Riva na Nora wanatenganishwa na nondo za dirisha. Nora ni mwanamke wa Azor, jambazi mwenye fedha anayemhesabu kuwa moja ya mali zake, na nondo zile zinaeleza maisha yake kuliko mazungumzo yoyote. Kinachotokea pale ni jambo la mwili, tena la wazi, na sina ubishi kwamba si la kutazama na mkwe. Lakini ndipo tunapomwona Nora akitaka kitu kwa nafsi yake, bila kununuliwa na bila kuamriwa. Ukikata hapo, anabaki mwanamke aliyecheza klabu na kuleta balaa. Hukumu ya mabenchi imetengenezwa na kitufe.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika Basic Instinct ya Paul Verhoeven, ya mwaka 1992, mpelelezi Nick Curran anakutana mapema na Beth, mwanasaikolojia wa polisi aliyewahi kuwa na uhusiano naye. Anamlazimisha. Beth anamwambia aache, naye haachi. Filamu imeiweka sehemu hiyo ili tumjue mtu huyu ni nani kabla hatujaanza kumhurumia. Kwenye banda sehemu hiyo inarushwa, kwa sababu kwa jicho la rimoti ni kitanda kama vitanda vingine. Mapenzi na kubakwa vinatiwa kapu moja na kutupwa pamoja. Ushahidi dhidi ya mwanamume unafutwa kwa jina la heshima, kisha tunaombwa tuhukumu.

Risasi hazirushwi. Watu wa Cesar wakitesa mtu, sauti inaongezwa. Hapa naomba watu wa wilaya hii wanisikilize. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa eneo la Jaribu, hapa hapa Kibiti. Kabla na baada ya siku hiyo waliuawa viongozi wa vijiji na watu wengine, Kibiti, Rufiji na Mkuranga, hadi pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Watoto waliokuwa wadogo wakati ule ndio vijana wanaojaza mabenchi leo. Mahali palipopitia hayo pana kila sababu ya kuogopa damu kuliko paja. Kama kuna sehemu ya kumwonea haya mkwe, ni ile ambapo mtu aliyefungwa anapigwa na sisi tunashangilia.

4. Eti hatukuwa na mambo haya

Hunijia watu wazima na kuniambia kwamba kuonyesha na kuzungumza mambo ya kitandani ni uzungu. Nawauliza kama hawana dada. Wandengereko, Wazaramo na Wamatumbi wana unyago. Mwali aliwekwa ndani, akachezwa, kungwi na somo wakamfundisha kwa nyimbo na kwa vitendo namna ya kuishi na mwanamume, bila kuficha kiungo wala tendo. Kule Zanzibar Bi Kidude alijulikana kwa unyago sawa na alivyojulikana kwa taarabu, hadi alipofariki mwaka 2013. Pwani yote ilijua kwamba mambo haya yana lugha na yana walimu.

Nitajibiwa kwamba unyago ulikuwa na umri wake, mahali pake na watu wake. Ndivyo. Kwa hiyo tunakubaliana kwamba swali ni nani anatazama na wapi. Kukata vipande na kumbakizia kila mtu, mtoto na mzee, kisa kilichopindishwa, hilo halikuwamo katika unyago hata siku moja.

Tumeshawahi kulifanya kosa hili kwenye vitabu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mambo ya ngono. Baadaye ikaja kusomeshwa sekondari. Waliokasirika waliona msichana aliyepotoka. Kitabu chenyewe kinaanza na baba, Zakaria, anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na kinaendelea na wanaume wenye vyeo wanaomtumia. Kezilahabi aliwataja wakosaji kurasa kwa kurasa, na wasomaji wengi wakatoka na jina moja tu, la Rosa.

5. Watazamaji walipopewa kalamu

Mwenye kudhani maoni ya watazamaji hayadhuru mtu, na aangalie kilichotokea kwa Fatal Attraction ya Adrian Lyne, mwaka 1987. Mwanamume mwenye mke, Dan, anayeigizwa na Michael Douglas, anakuwa na mwanamke mwingine, Alex, kwa siku mbili, mke akiwa safarini. Kisha anamtaka Alex apotee kama vile hakuwahi kuwepo. Alex hapotei. Anasema ana mimba, anamwandama, na anafanya mambo ya kutisha, hilo halikanushiki.

Mwisho uliopigwa picha kwanza ulikuwa mwingine. Alex anajiua mwenyewe kwa kisu chenye alama za vidole vya Dan, na polisi wanakuja kumkamata Dan. Jambo linamrudia mwanamume aliyelianzisha. Filamu ikaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, nao hawakutaka. Walitaka mwanamke yule auawe. Glenn Close, aliyemwigiza Alex, alipinga mabadiliko hayo, lakini studio ikapiga picha upya: sasa Alex anaingia na kisu bafuni, na mke wa Dan anampiga risasi. Kamera inamalizia kwenye picha ya familia ikiwa salama. Dan halipi chochote. Mkewe, aliyesalitiwa, ndiye aliyepewa kazi ya kuua kwa niaba yake.

Hukumu ya benchi la Mahege na hukumu ya ukumbi ule wa Marekani ni moja, na kule iligeuka kuwa filamu iliyoingiza fedha nyingi na kuigwa kwa miaka. Mojawapo ya zilizofuata ni hiyo Basic Instinct. Karibu na mwisho wake Nick anamwona Beth ameweka mkono mfukoni, anampiga risasi, anamwua. Mfukoni hamkuwa na bastola. Watu wanatoka wakibishana kama Catherine, mwandishi wa vitabu ambaye Nick anamchunguza, ndiye muuaji, na ubishi huo unaweza kufika asubuhi. Mwanamume aliyeua mtu asiye na silaha mbele ya macho yetu, bila giza wala fumbo, hatajwi.

6. Bili inalipwa wapi

Hukumu hiyo haiishii bandani. Msimu wa korosho unapofika, mnada unafanyika kupitia stakabadhi ghalani, malipo yanaingia kwenye akaunti ya mwanachama, na mwanachama mara nyingi ni mume. Mke amepalilia chini ya mikorosho, ameokota, ameanika, amechambua. Mume anakwenda Kibiti kuchukua fedha. Anakaa siku, anaongeza siku, anarudi na mkebe wa biskuti. Mtaa unajua la kusema: kaliwa na mwanamke wa gesti.

Fedha hazikutoka benki bila yeye mwenyewe kuzitoa. Mguu uliotembea kwenda gesti ni wake. Mwanamke aliyempokea huenda ana watoto wawili na chumba cha kulipia kodi, na alichofanya kibaya ni kibaya chake. Lakini jasho lililonywewa pale lilikuwa la mke, na mwenye deni kwa mke ni mume. Hukumu ya banda inalihamisha deni hilo kwa mtu wa tatu, na mume anakaa kwenye mkeka wake akiwa ni wa kuhurumiwa. Jirani anamletea pole. Nimeona mke akifunga kanga na kupanda pikipiki kwenda kupigana na mwanamke mwenzake, huku nyumbani ameacha chai kwenye chupa kwa ajili ya yule aliyemaliza pesa. Sisemi filamu ndiyo iliyozaa tabia hii. Ni ya zamani kuliko umeme. Nasema banda linaifundisha upya kila usiku, kwa kiingilio, kwa vijana ambao bado hawajaoa.

Anayetaka kulinda watoto ana mlango. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na mwenye banda anajua vizuri mtoto wa nani yuko nje akichungulia. Amrudishe kwao, azibe matundu ya makuti, kisha filamu ya wakubwa aiache itembee yote, na Beth asikike anapokataa. Anayetafsiri aseme ya Nora kama Nora alivyoyasema. Na akina mama wapewe siku yao ya kukaa kwenye mabenchi hayo na kusema wameonaje, kwa sababu hukumu ninayoipinga imetolewa miaka yote na wanaume peke yao, na mke wa mwenye korosho hajaulizwa.